Shangazi, fomu za talaka zimenishinda

*"Baada ya miaka 11 ya ndoa nimeamua kudai talaka. Fomu za mahakama nimezificha chini ya godoro, wiki ya tatu sasa. Kila nikizishika naishia kulia kwenye ukurasa wa kwanza. Naogopa pia mume wangu asije akaziona." – Mama wa Wawili*

Mwanangu, ukurasa huo umewaliza wengi. Unajiandika "mleta maombi", baba wa watoto wako unamwandika "mjibu maombi", kama watu msiojuana. Ni lugha ya mahakama tu. Mleta maombi ni yule anayefungua shauri, wala si kwamba ndiye mkosaji.

Shika kwanza cheti cha ndoa. Majina na tarehe uziandike kama zilivyo humo, herufi kwa herufi. Kama kimepotea, omba nakala iliyothibitishwa kwa msajili wa ndoa.

Halafu ombi lenyewe, na hapa ndipo wengi huponyokwa. Wanamwaga moyo kurasa kumi, mwisho wanasahau kuomba. Hakimu anataka kujua mlioana lini, watoto wamezaliwa lini, mnaishi pamoja au mmetengana, ndoa imevunjika kwa sababu gani. "Alinitesa miaka yote" haimsaidii sana. "Mwezi wa tatu alinipiga, nikatibiwa", pamoja na karatasi ya hospitali, inamsaidia. Kisha taja kila unachotaka: malezi ya watoto, matunzo yao, mgawanyo wa mali. Usichokiomba unaweza kukikosa.

Hati ya kiapo, ile karatasi unayoapa kwamba uliyoyaandika ni kweli, usiitie saini nyumbani. Inasainiwa mbele ya mtu mwenye mamlaka ya kuapisha, na kusema uongo humo ni kosa la jinai.

Ukishafungua shauri, mumeo atapelekewa nakala rasmi apate nafasi ya kujibu. Kuipokea hakuivunji ndoa. Mpaka mahakama itoe amri, kisheria bado ni mkewe.

Hiyo nakala ndiyo inayonitia wasiwasi kwa ajili yako. Fomu ina nafasi ya anwani, na utakachoandika hapo atakisoma. Ikiwa utahama, au unahofia kipigo, mwone wakili au ofisi ya msaada wa kisheria kabla hujaijaza, uulize namna ya kuficha anwani na kuomba amri ya ulinzi, yaani amri ya mahakama ya kumzuia asikudhuru. Na leo hii zitoe hizo karatasi chini ya godoro, mpe ndugu unayemwamini akutunzie, pamoja na cheti cha ndoa na vyeti vya watoto.