Wachezaji wangu hawana la kusema kuhusu wahusika wao

Swali: Naongoza kikundi cha Dungeons & Dragons (mchezo wa mezani ambao kila mchezaji humwigiza mhusika wa kubuni, na mwongozaji huendesha kisa) chenye wachezaji wanne. Kabla hatujaanza niliwaomba waandike historia za wahusika wao. Mmoja aliniletea kurasa sita, watatu waliobaki wakasema, "Mimi ni mpiganaji tu." Nifanyeje ili wote wachangie?

Jibu: Ndugu yangu, hao watatu si wavivu. Umewauliza jambo pana mno, tena kabla hawajamzoea mtu wanayemwigiza. Subiri mchezo uanze, kisha uliza swali dogo lenye jambo ndani yake tayari. Tuseme mmefika kwenye lango la mji. Mgeukie mmoja wao: "Huyu mlinzi amekutambua, na hakufurahi. Ulimfanyia nini?" Atajibu, maana nusu ya jibu umeshampa. Akisema aliwahi kumkimbia vitani, usiliweke hilo akiba hadi wiki ijayo. Mlinzi adai fidia pale pale, au awafungie lango. Mchezaji akishaona neno lake limegeuza mkondo wa mchezo, mara ya pili hutahitaji kumsukuma.

Dungeon World, mchezo wa mwaka 2012, umeliandika hili kama kanuni ya mwongozaji: uliza maswali, kisha tumia majibu. Waongozaji wengi hushika nusu ya kwanza tu, na wachezaji hunyamaza wakishajua majibu yao hayaendi popote.

Anayekwama kabisa, mpe dadu. Toleo la mchezo wenu la mwaka 2014 lina majedwali ya tabia, maadili, mafungamano na kasoro. Arushe, asome kilichotoka, halafu umuulize nani anaijua kasoro hiyo.

Kuwaunganisha, azima utaratibu wa Fate Core, mchezo mwingine wa aina hii (2013): kila mchezaji anasimulia tukio la zamani la mhusika wake, kisha wenzake wanaeleza waliingiaje humo. Mimi naupenda sana, kwa sababu hata mkimya ana la kuongeza kwenye kisa cha mwingine.

Yule wa kurasa sita ameweka moyo wake humo, kwa hiyo zisome zote. Kisha mwombe akuchagulie watu watatu tu: anayemdai, anayempenda, na ambaye hataki kukutana naye. Hao ndio utakaowaleta mezani.

Ila kuna mpaka, na huu naomba uushike kwa nguvu. Maisha ya nyuma ya mhusika na yaliyo moyoni mwake ni ya mchezaji. Swali lako likimkera, alikatae bila kutoa sababu, nawe uulize jingine. Jibu la fumbo, kwa upande mwingine, ni lako. Kama wanachunguza mauaji, usimuulize mchezaji muuaji ni nani, kwani utamnyima raha ya kumgundua. Muulize mchezaji jinsi marehemu alivyomfaa mhusika wake, na kwa nini mhusika huyo hakuhudhuria mazishi.