Usikimbie Usiku Kwenye Mtaa Usiokujua

Wiki ya tatu tangu nihamie Manzese nilinusurika kuuawa kama mwizi. Sikuwa nimeiba kitu. Nilikuwa nakimbia tu, tena nakimbilia chumbani kwangu mwenyewe.

Nianzie nyuma kidogo. Mwaka 2017 nilipata kazi ya ukarani wa stoo kwenye duka moja Kariakoo. Nimezaliwa na kukulia Njombe, mji ambao mwezi wa sita na wa saba watu wanalala na sweta, na ambako ukipita mbele ya nyumba ya mtu bila kusema "kamwene", habari zinamfikia mama yako kabla wewe hujafika. Dar es Salaam niliijua kwa kupita tu: stendi ya Ubungo, kwa baba mdogo, kisha safari ya kurudi. Nilipotajiwa mshahara nikapiga hesabu, na hesabu ikanipeleka Manzese. Chumba kimoja, elfu hamsini kwa mwezi, choo cha kuchangia, kodi ya miezi sita mkononi, na juu yake mwezi mmoja wa dalali.

Dalali alinionyesha chumba saa nne asubuhi, siku ya jua kali. Nikapenda, nikalipa. Kama unasoma hii na bado hujalipa, rudi ukakione chumba usiku wa Jumamosi, halafu ukakione tena siku ambayo mvua imenyesha. Saa nne asubuhi mtaa wowote ni mzuri: kina mama wanafua, watoto wanacheza, muuza genge anapanga nyanya mafungumafungu. Jumamosi usiku ndipo utakapokuta kigodoro, ngoma ya mtaani ya usiku kucha, kimefunga njia na spika imeegemezwa dirishani pako. Na mvua itakuonyesha maji yanapita wapi. Mengine si ya mvua, maana wapo wenye nyumba wanaosubiri inyeshe ndipo watapishe vyoo.

Baba mdogo alinipa semina fupi kabla sijahama. "Mjini hapa usimsalimie usiyemjua. Usimwambie mtu unafanya kazi wapi. Ukirudi, ingia ndani, komea mlango." Nikamtii. Nikawa natoka saa kumi na moja na nusu alfajiri, narudi saa tatu usiku, begi la laptopu limebanwa kwapani, macho chini. Kwenye kona ya kuingilia kwetu kulikuwa na kijiwe cha kahawa: mabenchi mawili, drafti, wazee kadhaa na vijana wengine wenye makovu ya usoni. Kelele zao nilizisikia tangu mbali, lakini nikikaribia tu, wote kimya. Nikishapita, kelele zinarudi. Kule kunyamaza kwao ndiko kulikonitisha kuliko kitu chochote. Nikajua wananipigia hesabu, siku yoyote watanikaba.

Siku yenyewe ilikuwa ya masika. Mwendokasi haukuwa umetimiza hata mwaka tangu uanze, Mei 2016, na tulikuwa tumeshaizoea adha yake moja: Mto Msimbazi ukifurika, Jangwani hapapitiki na mabasi yanasimama. Nikaunga daladala za kuzunguka, nikashuka kwenye Barabara ya Morogoro imeshapita saa tano usiku. Umeme umekatika. Nikaingia uchochoroni.

Kwa asiyeijua Manzese: njia zake hazikuchorwa na mtu wa mipango miji. Miaka ya 1970 serikali, kwa mkopo wa Benki ya Dunia, ilipima viwanja Sinza, ndiyo maana hadi leo Sinza ina mitaa iliyonyooka. Manzese watu walikuwa wameshajenga, ikaboreshwa ilivyo bila kubomolewa. Kwa hiyo njia inapita pale ambapo nyumba zimeiachia nafasi. Inapinda kwenye choo cha mtu, inapanda ngazi mbili, inatokea uani kwa mtu mwingine. Mwenyeji anaipita amefumba macho. Mimi nilikuwa naijua njia moja tu, na ile moja ilikuwa imejaa maji.

Nikachukua nyingine. Nyuma yangu nikasikia ndala: chwap, chwap, chwap. Nikaongeza mwendo, nazo zikaongeza. Nikakata kushoto, nazo kushoto. Nikachomoka mbio.

Hatua kama ishirini hivi, sauti ya nyuma ikapasua giza: "Mwizi! Mwizi huyooo!"

Yule wa ndala, nilikuja kujua baadaye, alikuwa mpangaji wa nyumba ya tatu kutoka kwetu, anarudi kazini kama mimi. Aliongeza mwendo kwa sababu mvua ilikuwa inaanza tena. Kisha akaona mtu asiyemjua anachomoka mbio gizani na begi. Ungekuwa wewe ungewaza nini?

Magazeti yetu yana msemo wake wa mambo haya, "wananchi wenye hasira kali". Nilikuwa nikiusoma kila siku bila kuufikiria. Wananchi wenyewe ni watu waliotoka vitandani, wengine kwenye khanga na kaptula, mwenye ufagio, mwenye kipande cha ubao, tochi za simu zote usoni pako. Nilipigwa kibao kimoja kilichonizibua masikio. Mtu akanikunja shati shingoni.

"Unakaa wapi?"

"Hapa hapa."

"Kwa nani?"

Nikasema kwa mama mwenye nyumba. Wakacheka, na haikuwa ile cheka ya kufurahi. Kila nyumba ina mama mwenye nyumba.

"Mjumbe wako nani?"

Kimya. Nilikuwa na kitambulisho cha kazi na namba za simu za watu wa maana mjini, ila jina la mjumbe, yule kiongozi wa nyumba chache za mtaani, sikuwa nalo.

Aliyeniokoa ni mama wa vitumbua. Kila alfajiri nilikuwa nanunua kwake vitumbua viwili, bila soga, nalipa naondoka. Akamulika uso wangu, akasema, "Mh! Huyu si yule kaka wa vitumbua viwili? Mwacheni jamani, mpangaji wa Mama Mluguru huyu." Basi. Shati likaachiwa. Mtu mmoja akaniokotea begi, akalifuta tope kwa kiganja chake, akanipa pole.

Sijawahi kula vitumbua vingine vyenye thamani ile.

Asubuhi mama mwenye nyumba, ambaye sasa nilijua mtaa mzima unamwita Mama Mluguru, alinishika mkono kama mtoto anayepelekwa shule. Kwanza kwa mjumbe, jina langu likaandikwa kwenye daftari. Kisha kijiweni. Pale ndipo nilipoambiwa kilichokuwa kinaendelea. Wiki tatu nzima walikuwa wanaamini mimi ni shushushu, mpelelezi wa siri. Kijana hasalimii, anatoka gizani, anarudi gizani, viatu vimepigwa kiwi, begi haliachi kwapa. Walikuwa wananyamaza nikipita kwa sababu wananiogopa, na mmoja wao, simtaji, alikuwa na sababu nzuri za kuogopa.

Mzee mmoja akaniuliza kwetu wapi. Nikasema Njombe, Mbena. "Aa, Mhehe!" Nikataka kusahihisha, nikaona hainisaidii. "Mhehe umekuja kupanga huku karibu na kwa Mfuga Mbwa. Umefuata kitoweo?" Benchi zima likaanguka kicheko. Kwa Mfuga Mbwa ni jina la eneo, na Wahehe hutaniwa kwamba wanakula mbwa. Kwa asiyejua utani wa makabila yetu, hilo ni tusi. Kwa anayejua, nilikuwa nimepewa kiti. Nikanywa kahawa, nikala kashata, na nikachelewa kazini kwa mara ya kwanza.

Sasa nishauri, maana ndicho nilichokusudia.

Ile hofu ya wiki za kwanza si ujinga, usijitukane nayo. Ila iulize inaogopa nini hasa. Mimi niliogopa nyuso, makovu, sauti, lugha ya mtaani nisiyoielewa. Hivyo havikunidhuru hata siku moja. Kilichotaka kuniua ni kutojulikana, na nilikuwa nimekitengeneza mwenyewe kwa juhudi kubwa. Baba mdogo alinipa ushauri wa mtu anayeishi ndani ya ukuta na geti. Uswahilini hakuna geti. Geti lako ni macho ya watu, na macho hayamlindi mtu yasiyemjua.

Kwa hiyo wiki ya kwanza, kabla hata hujanunua pazia, jua mambo haya: mtaa unamwitaje mwenye nyumba wako (jina la kwenye mkataba halimsaidii mtu usiku), mjumbe ni nani, na ofisi ya serikali ya mtaa iko wapi. Kajitambulishe. Barua yao utaihitaji tu, siku ya kufuatilia kitambulisho cha taifa cha NIDA, na ni aibu kwenda kuomba utambulisho kwa watu usiowahi kuwasalimia. Wakipita kuchangisha hela ya ulinzi shirikishi, toa, usiombe mchanganuo mlangoni.

Salimia. Najua inaonekana jambo dogo. Shikamoo kwa wakubwa, mambo vipi kwa rika lako, na usisimame kama huna la kusema. Salamu unaitoa huku unatembea. Mimi nilitoka mji wa salamu nikaja kuziacha Ubungo stendi, nikidhani huo ndio ujanja wa mjini.

Pesa yako ndogo iache mtaani. Nyanya za genge la jirani, kinyozi wa kona, chipsi za kijana wa pale pale. Anayekuuzia kila siku anajua saa zako, na siku usipoonekana atauliza. Ukibeba kila kitu kutoka Kariakoo kwenye mfuko mweusi, unajiokolea mia mbili na kubaki mgeni.

Ndani ya nyumba, mambo ni mawili: choo na LUKU, yaani umeme wa kununua kabla ya kutumia. Zamu yako ya kuosha choo ikifika, osha, hata kama una digrii. Nilikuwa nimeruka zamu mbili bila kujua kwamba zipo, na Mama Mluguru alisema hilo ndilo lililowaudhi wapangaji wenzangu kuliko mengine yote. Umeme ukiisha usingoje mwenzio anunue. Mwenye friji na asiye na friji watagombana tu, wewe kaa mbali na kesi hiyo.

Na uchague kati ya Simba na Yanga. Kijiweni, mtu asiyekuwa na upande anatia shaka kuliko adui.

Hata hivyo sitaki kukudanganya kwamba kila mtu mtaani ni malaika aliyeeleweka vibaya. Vibaka wapo. Simu usiitoe barabarani usiku, wala usiongee nayo umesimama ukingoni mwa lami, bodaboda inaweza kupita nayo. Uwanja wa Fisi nilikuwa naukwepa usiku, na wenyeji wa kuzaliwa nao walikuwa wanaukwepa. Jifunze njia tatu za kufika kwako, uzitembee mchana mpaka miguu ikariri. Pesa usikopeshe mapema. Jirani mmoja alinikopa elfu ishirini mwezi wa pili, na tulipotezana urafiki kwa bei hiyo. Na mwaka 2022, hofu ya Panya Road, magenge ya vijana wa kuvamia na mapanga, ilipolikumba jiji, tulikuwa tunapokezana kulala. Zamu yangu niliikaa kwenye benchi lile lile la kijiwe, nikiwa na rungu la kuazima ambalo sijui hata ningelifanyia nini.

Dada yangu alipokuja kukaa nami miezi minne, nilimpa ushauri wangu wote huu akanisikiliza kwa heshima, kisha akafanya ya kwake. Kijiweni hakukanyaga. Alikwenda saluni, akasuka, akasuka tena wiki iliyofuata, na ndani ya siku kumi alikuwa anajua nani wa kumkwepa, nani mkewe mkali, na uchochoro upi wanaume wanakaa kutongoza. Mimi mambo hayo sikuyajua kwa mwaka mzima. Wasichana, ulizeni wasichana wenzenu.

Na kama baada ya yote hayo moyo umekataa, hama. Nimeona watu wanang'ang'ania chumba kibaya kwa sababu kodi ya miezi sita imeshalipwa. Ukiweza, bembeleza ulipe mitatu. Siku hizi wenye nyumba wengine wanakubali. Mlango usiofungika au mwenye nyumba anayegonga usiku wa manane si mambo ya kuzoea.

Mwezi uliopita chumba cha pembeni kwetu amehamia kijana kutoka Songea. Anatoka alfajiri, anarudi usiku, begi kwapani, macho chini. Juzi nimekaa kijiweni akapita, na wote tukanyamaza, mimi nikiwemo. Alipopotea kwenye kona, mzee wa utani akanigeukia. "Wewe Mhehe, huyo mtani wako Mngoni unamjua? Isije ikawa shushushu." Nikagundua nilikuwa nalitazama begi lake.

Jana maji ya bomba yalitoka saa kumi alfajiri. Nikamgongea, hodi, nikamuuliza kama ana ndoo.