Kisanduku kitupu kwenye chati: kwa wauguzi mnaoanza kazi

Mtoto alikuwa na miaka mitatu, kilo 12, malaria kali. Mimi nilikuwa na miezi mitano tu kazini, zamu ya usiku, peke yangu na mhudumu mmoja wa usafi, katika kituo cha afya cha ngazi ya tatu hapa Uganda ambacho sitakitaja. Artesunate ya sindano mnaijua: dozi ya kwanza mgonjwa anapofika, ya pili baada ya saa 12, ya tatu saa 24 zikitimia. Mtoto wa chini ya kilo 20 hupewa miligramu 3 kwa kila kilo. Saa kumi na moja alfajiri nikamdunga dozi ya pili, miligramu 36, nikamrudisha kifuani kwa mama yake. Nimeshika kalamu hivi, umeme ukakatika, na upande wa uzazi mama mmoja akapiga ukelele: kichwa cha mtoto kilishaonekana. Nikaiacha chati palepale kitandani, nikakimbia na tochi ya simu.

Yule mama alijifungua salama. Saa mbili asubuhi nikakabidhi zamu kwa mdomo, harakaharaka, bodaboda akinipigia honi nje. Kwenye chati, kisanduku cha dozi ya pili kilikuwa kitupu. Mwenzangu wa mchana alikiona, akafanya ambalo muuguzi makini angelifanya. Akadunga.

Mtoto hakudhurika. Ila mama yake hakuwa amelala usiku kucha, naye akamfuata inchaji, yaani mkuu wa kituo: "Musawo (mhudumu wa afya) wa usiku amemdunga mwanangu, na huyu naye amemdunga tena. Ni ngapi?" Nikaamshwa na simu. Maelezo nikayaandika mara tatu. Katika ya kwanza nilidai kwamba nilimwambia mwenzangu dozi imeshatolewa. Labda kweli nilimwambia. Yeye alisema hakusikia, na hapakuwa na mtu wa tatu. Inchaji, mama mmoja mtaratibu sana, alisoma, akaniuliza swali moja: "Umeandika wapi?"

Nimeanza na aibu yangu ili msije mkadhani ninayoyasema kuhusu muuguzi na sheria nimeyasoma tu. Miaka kadhaa baadaye nilipokaa na wanasheria kwenye warsha, nikagundua kuwa mahakama, Baraza la wauguzi na polisi wote huanza na swali lile lile la inchaji wangu.

Tuanze na karatasi zako mwenyewe. Cheti cha chuo hakikupi ruhusa ya kumgusa mgonjwa. Ruhusa hutolewa na Baraza la Wauguzi na Wakunga la Uganda, kwa Sheria ya Wauguzi na Wakunga ya mwaka 1996. Jina lako lazima liwe limeandikwa huko, mwenye cheti kwenye orodha yake, mwenye stashahada au shahada kwenye rejesta, kisha uwe na leseni ya kufanya kazi ambayo haijapita tarehe. Tarehe ile iweke kwenye simu, ikukumbushe miezi mitatu kabla, kwa sababu Baraza litataka pia kuona kuwa umehudhuria mafunzo ya kujiendeleza, na mafunzo hayo hayakusanywi kwa wiki moja. Usitegemee ofisi ya wafanyakazi ikukumbushe. Leseni ikiisha, kila sindano unayotoa unaitoa nje ya sheria, hata kama mshahara unaingia kama kawaida.

Na leseni haikodishwi. Nikiwa na mwaka wa tatu kazini, mwenye kliniki moja ya pembezoni mwa Kampala aliniahidi shilingi laki mbili kwa mwezi nisifanye chochote, niache tu karatasi zangu zitundikwe ukutani pake. Mtu mwenye kodi ya nyumba huzisikia laki mbili vizuri sana. Nikamuuliza nani atakuwa anatoa sindano. Akasema, "Yupo binti mmoja, mikono yake myepesi." Sikurudi. Yule binti angemuua mtu, jina ukutani lingekuwa langu. Kufungua kliniki yako mwenyewe ni jambo zuri, lakini kibali chake ni kingine kabisa, huombwa kando na leseni ya kawaida.

Sasa nije kwenye neno ambalo limewaponza wengi: "Daktari alisema." Kwenye vituo vyetu usiku daktari ni sauti ya simu. Anakwambia mpe hiki, ongeza kile, halafu mtandao unakatika. Mimi nafanya hivi: namwita mwenzangu, hata kama ni mkunga wa wodi ya pili, naweka simu sauti ya nje, naisoma dozi kwa sauti mpaka daktari aseme ndiyo. Kisha naandika saa, jina la daktari, maneno "agizo kwa simu", jina la aliyesikia pamoja nami, na sahihi yangu. Akifika asubuhi namfuata na faili aweke sahihi yake. Wapo wanaokasirika. Mmoja aliniambia simwamini. Nikamjibu, "Nakuamini, daktari, ndiyo maana nataka sahihi yako."

Dozi ikionekana kubwa, uliza. Bado huelewi? Usitoe, na uandike kwa nini hukutoa na ulimwarifu nani. Kwenye Baraza huwezi kujificha nyuma ya koti la daktari. Ulisomea dawa zile, unatakiwa uzijue.

Kuna kesi mbili ambazo kila mkunga wa nchi hii angepaswa kuzijua. Ya kwanza ni ya wilaya ya Nakaseke. Mwaka 2011 mama aliyekwama wakati wa uzazi alifariki hospitalini baada ya kusubiri saa nyingi, daktari wa zamu hayupo. Mwaka 2015 Mahakama Kuu iliiamuru wilaya iwalipe familia shilingi milioni 35. Wilaya ndiyo iliyoamriwa kulipa kwa sababu mwajiri hubeba kosa la mwajiriwa wake, na hapo vijana wengi hupumua: kumbe serikali italipa. Fidia, sawa. Leseni yako je? Ukikuta uzazi umekwama na daktari haonekani, patografu, ile chati ya kufuatilia uchungu, iseme ulipomwita mara ya kwanza ilikuwa saa ngapi, mara ya pili saa ngapi, gari la wagonjwa uliliomba saa ngapi na ulijibiwa nini.

Ya pili ni ya hospitali ya Mulago, Kampala. Mwaka 2012 wazazi waliambiwa kuwa mmoja wa pacha wao amefariki, wakapewa maiti ambayo vipimo vya DNA vilionyesha si ya mtoto wao. Januari 2017 mahakama iliwapa shilingi milioni 85 na kuibana hospitali juu ya jinsi watoto wanavyoandikwa na kukabidhiwa. Mtoto akishatoka tumboni, hai au amekufa, anahitaji utepe mkononi, mstari kwenye rejesta na sahihi ya anayempokea. Wodi ikiwa na akina mama wanne sakafuni, hayo huonekana mambo madogo. Nimewahi kufanya kazi kwenye wodi ya namna hiyo, nawaelewa. Utepe ufunge hivyohivyo.

Kuna na ya jinai, ambayo wengi husahau kuwa ipo. Mwaka 2014 muuguzi mmoja mzoefu, mwenyewe akiishi na VVU, alijichoma kidole akijaribu kumwekea mtoto kanula, mrija wa kupitishia dawa kwenye mshipa, huku mtoto akipigana, na akadaiwa kuendelea na sindano ile ile. Magazeti mengine yalimwita muuaji kabla hata kesi haijasikilizwa. Mtoto alipimwa, hakuwa na virusi. Muuguzi alihukumiwa miaka mitatu kwa uzembe unaoweza kusambaza ugonjwa, kosa ambalo kifungo chake hufika hadi miaka saba, na mwezi wa Novemba Mahakama Kuu ikamwachia kwa muda aliokwisha kukaa. Sitataja jina lake. Amelibeba vya kutosha. Nililia niliposoma habari zake, kwa kuwa kila mmoja wetu ameshapigana na mtoto wa namna ile. Ukijichoma, simama. Tupa kila kitu, osha kwa maji na sabuni, mwite mwingine amalizie, uandike kwenye daftari la ajali, na wewe mwenyewe uanze dawa za kinga mapema iwezekanavyo, zisipite saa 72. Usione aibu kusema. Aibu ndiyo humfanya mtu aendelee na sindano ile ile.

Kuhusu mipaka ya kazi, wageni huniuliza: mbona usiku tunaandika dawa kama madaktari? Jibu langu huwa ni morfini ya maji, dawa kali ya maumivu. Tangu Hospice Africa Uganda ilipoanza mwaka 1993, wagonjwa wa saratani walikuwa wakihitaji morfini nyumbani kwao vijijini, ambako daktari hafiki. Mwaka 2004 kanuni zikabadilishwa, wauguzi na maafisa wa tiba waliosomea huduma ya tulizo, yaani kupunguza maumivu ya wagonjwa mahututi, wakaruhusiwa kuiandika. Angalia mambo yalivyokwenda: hitaji likaonekana, mafunzo yakaandaliwa, sheria ikafunguliwa. Wala haikufunguliwa kwa wauguzi wote. Kama hukusomea, hata uwe na huruma kiasi gani, hiyo si kalamu yako. Na ukiwa mtunza ufunguo wa kabati la dawa hizo, hesabu chupa na ampuli mbele ya anayekupokea, wote wawili mtie sahihi. Nimeona urafiki wa miaka kumi ukivunjika kwa ampuli moja ya pethidine, nayo ni dawa kali ya maumivu.

Dawa za serikali zenye alama ya kutouzwa hazina maelezo yakipatikana kwenye mkoba wako. Usizibebe hata "za shangazi". Na usidai pesa kwa huduma ambayo ni ya bure. Wanaokamata huja wamevaa kama wagonjwa.

Ridhaa nitaikalia kidogo, maana hapa lugha yetu ina kazi. Nilihamishiwa kituo kimoja cha wakimbizi magharibi, wagonjwa wengi Wakongomani, wafanyakazi wengi wa Kinyankole. Siku ya kwanza nikakuta mkunga anamhoji mama kupitia kwa mwanawe, kijana wa miaka kama kumi. Mama anasema polepole, macho chini. Kijana anatafsiri: "Anasema tumbo linauma." Nikasogea, nikamsalimu kwa Kiswahili, nikamwomba kijana atoke nje. Mama akasema, "Damu iko natoka tangu juzi, sista. Mimba ya miezi tatu. Sikuweza sema mbele ya mutoto." Alikuwa amekwisha kutia dole gumba kwenye fomu ya ridhaa. Fomu ya Kiingereza, mkalimani mtoto, ugonjwa ambao haukuwa umetajwa. Mbele ya wakili hodari ile fomu ingekuwa karatasi ya kufungia karanga.

Ridhaa ni mgonjwa aelewe anafanyiwa nini, kwa nini, kuna hatari gani, na anaweza kukataa. Mkataba wa Haki za Wagonjwa wa mwaka 2009 umelisema hilo wazi. Mkalimani awe mtu mzima asiye wa familia ikiwezekana, na jina lake liandikwe kwenye faili. Akikataa matibabu, mweleze tena, kisha andika kuwa amekataa na sababu aliyoitoa, kwa maneno yake. Kiswahili chako kwenye vituo vya Isingiro, Kyegegwa au Kikuube, au mpakani Busia, ni kifaa cha kazi kama mashine ya presha. Jifunze na cha Bukavu, kule mashariki mwa Kongo, kina vituko vyake.

Picha za wagonjwa kwenye WhatsApp: acha. Tangu 2019 tuna sheria ya ulinzi wa data na faragha, na "nilikuwa naomba ushauri kwenye grupu" si utetezi ukiwa umeonyesha uso wa mtu.

Basi siku mambo yakiharibika. Mhudumie mgonjwa kwanza. Mwarifu mkubwa wako. Kifo cha mama kutokana na uzazi kitolewe taarifa ndani ya saa 24. Usifute wala kubandika chochote kwenye faili; ukikosea, piga mstari mmoja, kosa lisomeke, tia tarehe na sahihi. Kuongeza maneno baadaye inaruhusiwa ukiandika saa halisi unayoongezea. Faili lililochezewa huua hata kesi ambayo ungeshinda. Maelezo yako binafsi yaandike siku hiyo hiyo ukiwa bado unakumbuka, yale uliyoona na kufanya tu, bila "nadhani".

Wakija polisi, usibishane wala usikimbie. Katiba inakupa haki ya kuwa na wakili, na kwamba ufikishwe mahakamani ndani ya saa 48. Waombe maelezo yako uyatoe wakili akiwepo. Chama cha Wauguzi na Wakunga jiunge ukiwa huna shida, usingoje uwe selo. Na namba ya chama, ya wakili na ya mtu mmoja wa nyumbani ziandike kwenye karatasi uiweke nyuma ya kitambulisho chako, maana simu ndiyo huchukuliwa kwanza.