Msimu Wako Ukifika: Kazi za Kufanya Ukiwa Kileleni

Lamu na Malindi, mwenye kazi ya bahari au ya wageni anajua kwamba mwaka una kilele. Upepo wa kaskazi ukishika, kuanzia Desemba hadi Machi, bahari hutulia, wageni huingia na simu hailali. Wengi wetu hapo tunaongeza saa za kazi tu, na hilo ndilo kosa. Kilele ni wakati wa kufanya yale ambayo kusi, upepo wa miezi inayofuata, haitakuruhusu: kupandisha bei, kushika kazi za mbele, kufundisha mtu, na kuiondoa pesa mkononi kabla haijapangiwa matumizi.

Kwanza hakikisha ni kilele kweli. Manahodha wa zamani walihesabu mwaka kwa miongo, siku kumi kumi tangu Nairuzi, yaani mwaka mpya wa Waswahili, na hesabu hiyo bado inafaa. Wiki moja ya neema haithibitishi kitu. Tazama miongo mitatu. Kila jioni andika kwenye daftari safu tatu: kilichoingia, kilichotoka, na nani aliyeleta kazi. Safu ya tatu ndiyo watu huiruka, nayo ndiyo yenye habari. Ikiwa zaidi ya nusu ya kazi zako zimeletwa na wakala mmoja au hoteli moja, hicho ni kilele chao. Siku wakipata mtu mwingine, huna kitu. Basi kila mteja mpya muulize alikupataje, uandike.

Ukikataa kazi mara mbili au tatu ndani ya mwongo mmoja kwa kukosa nafasi, bei yako iko chini. Iongeze kwa wateja wapya kwanza, asilimia 10 hadi 15, na wa zamani waache mpaka msimu uishe. Wapya wakigoma, wa zamani bado unao. Anayetaka nafasi ya Agosti mwombe arbuni, theluthi ya bei, na mwandikiane tarehe. Lakini arbuni si mapato mpaka safari ifanyike. Watu wengi hula arbuni ya Agosti mwezi wa Aprili, halafu wageni wakifika hakuna pesa ya mafuta wala ya mabaharia.

Sasa pesa, na hapa tukae kidogo. Chukua mfano wa mtu anayepata shilingi 60,000 kwa mwezi katika miezi minne ya kaskazi, na 18,000 katika miezi minane iliyobaki. Kwa mwaka ni 384,000, yaani wastani wa 32,000 kwa mwezi. Akiishi kwa 32,000 atamaliza mwaka salama, ila bila kitu. Akiishi kwa 28,000, kila mwezi wa kaskazi anaweka kando 32,000. Miezi minne ni 128,000. Miezi minane ya upungufu wa 10,000 itakula 80,000, na zinabaki 48,000 za kutengeneza chombo, kulipa deni au kununua kifaa. Pesa hiyo iondoke usiku uleule ilipoingia, iende kwenye chama, sako (ushirika wa akiba na mikopo) au akaunti isiyotolewa pesa kabla ya muda. Ikilala kwenye simu wiki nzima, itatumika.

Kinachowaangusha wengi si anasa, ni ahadi za kudumu zilizofungwa kwa kipimo cha Januari. Mkopo wa pikipiki wenye marejesho ya kila wiki haujui kwamba Mei hoteli nyingi za Malindi zimefunga. Nyumba ya kodi kubwa ni vivyo hivyo. Hata msaada kwa jamaa, na jamaa lazima wasaidiwe, utoe kwa kiasi chenye mwisho: lipa karo ya muhula huu yote, usiahidi mpaka kidato cha nne. Ahadi ukiivunja mwezi wa Juni, mtoto ndiye anayerudishwa nyumbani.

Mwili nao una hesabu yake. Mtu mzima anahitaji usingizi wa saa saba angalau, na kukesha kwa muguka ni kukopa nguvu za kesho. Chagua siku moja katika kila mwongo isiyouzwa kwa bei yoyote. Miaka hii Ramadhani inaangukia ndani ya kaskazi, na mwaka 2030 itaingia mara mbili, Januari na Desemba. Panga mapema: kazi nzito iwe kati ya alfajiri na saa nne asubuhi. Safari za machweo zinalipa vizuri lakini hugongana na adhana ya magharibi, kwa hivyo tende na maji viwemo chomboni, au safari iondoke saa moja kabla ya kawaida.

Kuna na kilele cha umri, na hicho hakirudi Desemba. Fundi wa kuchonga milango akiwa na miaka 35 ana mkono, jicho na jina. Kwenye miaka 40 na kitu macho huanza kushindwa kuona vya karibu, na ua dogo la pembeni mwa fremu ndilo la kwanza kuharibika: patasi hupita mstari kidogo, na ubao wa mbambakofi hauna kiraka kinachofichika. Miwani inasaidia sana, usiione haya. Ila mwanagenzi achukuliwe sasa, wakati kazi ni nyingi za kumfundishia, na michoro ihamishiwe kwenye karatasi ngumu, kila mmoja na vipimo vyake.

Mwongo wa mwisho wa Machi usichukue kazi kubwa mpya. Kusanya madeni, kwa sababu anayekudai na unayemdai wote mkono utakauka mvua za masika zikianza. Pima presha na sukari ungali na nafasi ya kulipa. Mwenye mashua aweke miadi na fundi wa kalafati, anayeziba nyufa za mbao, tangu Februari, anunue mwenyewe pamba na sifa, yaani mafuta ya papa, maana Mei vyombo vingi vimepandishwa na foleni ya fundi ni ndefu.