Nani mwingine alijua?

Mwanangu,

Ujumbe wako nimeusoma mara tatu. Unaniuliza, mama, huyu kijana kanificha miezi minane kwamba ana mtoto, je nitaweza kumwamini tena? Mimi nakuuliza lingine kwanza: kabla yako wewe, ni watu wangapi walikuwa wanajua? Unanijua, hili nalisema tangu uko mdogo, siri yenyewe si kitu, kinachouma ni idadi ya waliotangulia kuijua. Na wewe unaishi kwenye kamji ambako mtu akikohoa mtaa wa juu, wa chini wanampa pole. Basi piga hesabu.

Najua silo uliloniuliza. Nivumilie, maana kuna jambo hatujawahi kuwaambia nyie watoto na baba yako leo kakubali nikwambie.

Alipokuwa ananichumbia nilikuwa namwandikia barua. Ndefu, kurasa nne, tano, mambo mengine siwezi kuyarudia hapa. Yeye hakuwa anaandika, alikuwa anakuja mwenyewe jioni ananijibu kwa mdomo, neno kwa neno, hakuna alichosahau, nami nikawa najiambia jamani huyu mwanaume ananisoma kweli. Mpaka siku moja niko stendi nasubiri gari, anapita kijana waliyekuwa wanafanya kazi pamoja gereji, ananiangalia anasema, "kivuli cha saa sita mchana, hujambo?" Mama, hayo yalikuwa maneno yangu. Nilimwandikia baba yako kwamba nataka kuwa karibu yake kama kivuli cha saa sita mchana, kinachokaa chini ya miguu kabisa. Pale stendi watu wakacheka, na kilichonimaliza ni kwamba walicheka kama wanaojua, sio kama wanaouliza.

Baba yako alikuwa hajui kusoma. Barua zangu zote alikuwa anasomewa na huyo kijana, pale pale gereji, na masikio mengine yapo. Miaka 31 imepita na nikikumbuka ile stendi bado uso unapata moto.

Sasa kwa msimamo wangu huu si ningemwacha? Mji mzima ulinitangulia! Na nilimwacha kweli, wiki sita, sikumpa hata salamu. Halafu akaja na barua zote kwenye mfuko wa nailoni, zimepangwa kwa tarehe sijui alipangiwa na nani, akasema nimechoka kukusikia kwa sauti ya mtu mwingine, nifundishe. Tukaanzia na barua ya kwanza. Ndiyo maana unamuona anafuata mstari kwa kidole, nyie mkidhani ni macho.

Ila usije ukasema mama alisamehe basi na mimi nasamehe. Baba yako alificha aibu yake mwenyewe, huyu wako kaficha mtu, mtoto mwenye jina lake anayeuliza baba yuko wapi, hapo mimi nakasirika. Halafu nikikasirika najiuliza, kwani huyu naye hakuogopa tu utaondoka, kama baba yako alivyoogopa? Lakini miezi minane! Ingawa baba yako alikaa mwaka na zaidi. Unaona, hata mimi nakwama.

Ulimi unaniwasha nikwambie la kufanya, nimeliandika nikalifuta, mara mbili. Sisemi. Ila muulize nani alijua, na umsikilize kama atakutajia wote au atakutajia wale tu ambao tayari unawajua. Baba yako aliwataja wote, siku ile ile, mmoja mmoja, hata wawili ambao nisingewajua mpaka nakufa, mmoja wao shoga yangu kabisa. Nililia kwa yule shoga kuliko nilivyolia stendi, lakini ndipo moyo ulipoanza kurudi kwa baba yako, pale pale, kabla hata hajajifunza herufi moja.

Nikimaliza hapa baba yako anataka kuisoma hii barua kabla sijaituma. Nimemwambia nimsomee, kakataa, anasoma mwenyewe. Kwa hiyo ukiona imechelewa kukufikia, ujue bado yuko nayo.

Mama yako