Usiulize kioo, uliza duka

Wiki hii msomaji mmoja ameniandikia: "Kaka, nichukue Kindle au Kobo? Kipi kina kioo kizuri?" Anaulizia vifaa vya kusomea vitabu vya kielektroniki. Nikacheka, kisha nikanuna. Swali hilohilo ndilo lililoniponza.

Kifaa changu cha kwanza nilikichagua kwa kukishika mkononi tu. Chepesi, maandishi meusi ti. Nikakijaza riwaya. Baadaye kampuni ikafunga duka lake la vitabu mtandaoni, ikatuma barua pepe fupi ya "Mteja wetu mpendwa". Sikujali, vitabu si ninavyo? Siku moja kifaa kikaganda, nikakirudisha katika hali ya kiwandani. Kikawaka vizuri, kikaniomba niingie kwenye akaunti. Akaunti ipi, na duka halipo? Nakala nilizokuwa nimehifadhi kwenye kompyuta zilikuwa na kufuli la kidijitali, na mwenye funguo kashaondoka. Bado inaniuma.

Ndugu zangu, vioo vinafanana, maana vingi vinatoka kwa kampuni moja, E Ink. Vita viko kwingine. Sony walitangulia Marekani mwaka 2006 na kifaa kizuri, ila kitabu ulikipitisha kwanza kwenye kompyuta kwa waya. Kindle ya Amazon ikaja Novemba 2007, sura yake mbaya (nasema wazi), lakini ndani ina mtandao wa simu: unanunua kitabu umelala. Mwaka 2014 Sony wakafunga duka lao Marekani na Kanada, wateja wakapelekwa Kobo. Si hao walioniumiza mimi, lakini maumivu nayajua.

Kobo nao wakapita mlango wa wauza vitabu: Fnac kule Ufaransa, WHSmith Uingereza. Ujerumani, wauza vitabu waliokuwa wakishindana wakaungana na kampuni ya simu ya Deutsche Telekom mwaka 2013, wakatoa kifaa chao, Tolino. Hapo anayekushauri ni muuza vitabu wako uliyemzoea, na hiyo ni nguvu kuliko tangazo.

Kwa hiyo acheni kubabaishwa na wepesi wa kifaa! Uliza duka. Uliza kama faili zake ni EPUB, yaani muundo unaosomeka kwenye vifaa vya kampuni nyingi, na kama zina kufuli. Uliza kuhusu kuazima vitabu vya maktaba. Kisha uliza tena kuhusu duka. Watu hamsikii, mnataka rangi.

Na wewe kaka uliyeniandikia, hukuniambia vitabu vyako vya sasa umevinunua wapi. Nijibu hilo kwanza.