Baridi haina upande

Mwanangu,

Marahaba. Umemaliza Vita na Amani, kitabu cha Tolstoy, na sasa unaniuliza kama ni kweli baridi ndiyo iliyomshinda Napoleon kule Urusi mwaka 1812. Kaka yako angekujibu "ndiyo", akaendelea kula. Mimi wimbo wangu mnaujua: baridi haina upande.

Napoleon alivuka mto Niemen mwezi Juni na watu zaidi ya 400,000. Kufika kwenye vita vya Borodino, karibu na Moscow, Septemba 7, aliokuwa nao ni kama 130,000. Wengine aliwaacha kulinda njia, ila wengi walikwisha kwa njaa, kuhara na kutoroka, na theluji ilikuwa bado. Farasi walilishwa nafaka mbichi ya mashambani, matumbo yakavimba, wakafa kwa maelfu. Bila farasi, unga unabaki nyuma.

Halafu Berezina, mto waliopaswa kuuvuka wakirudi kutoka Moscow. Najua hukuuliza Berezina. Mwishoni mwa Novemba mto ule ulikuwa umeyeyuka. Ungeganda, wangevuka kwa miguu. Na siku chache nyuma, huko mjini Orsha, Napoleon alikuwa ameamuru vifaa vya madaraja vichomwe. Jenerali Eblé, mkuu wa mafundi wa madaraja, akatii nusu. Mashua zikaungua, lakini alibakiza magari sita ya zana, mawili ya makaa, na matanuri mawili ya kufulia chuma. Kule Studianka wakabomoa nyumba za kijiji wapate mbao, na mafundi kama 400 wakaingia majini hadi kifuani, mapande ya barafu yakiwagonga mbavu. Wakajenga madaraja mawili, moja la waendao kwa miguu, jingine la mizinga na magari. Hili la pili ndilo lililowatesa: nguzo zilizama kwenye matope kwa uzito, likavunjika mara tatu, na kila mara ilibidi warudi majini. Wengi wao hawakufika kwao. Eblé mwenyewe alikufa kabla ya mwaka kwisha.

Tolstoy anapapita hapo mbio! Anasema Berezina imepata jina kwa sababu tu misiba ilirundikana mahali pamoja. Sikubaliani naye. Au tuseme ana haki, maana jeshi lilikuwa limeshakufia njiani. Lakini mtu aliyekuwa askari mwenyewe, akakaa Sevastopol kwenye ngome ya nne wakati wa vita vya Crimea, mizinga ikimlilia kichwani, alishindwaje kusimama kidogo awatazame wale waliokuwa majini?

Sasa nenda Leningrad, Novemba 1941, mji wa Urusi uliozingirwa na Wajerumani. Mkate kwa asiye kibarua wa kiwandani ni gramu 125 kwa siku, na mji mzima unaomba ziwa Ladoga ligande, chakula kipite juu yake. Novemba 22 malori ya kwanza yakapita na magunia machache tu. Mengine yalivuta sleji nyuma ili uzito utawanyike. Dereva aliacha mlango wazi aweze kuruka. Mwendo nao ulikuwa mtego: kwenye kilomita 35 hivi kwa saa, lori huenda sambamba na wimbi lililo chini ya barafu, na barafu hupasuka hata kama mzigo ni mdogo. Baridi ileile, mwanangu, ndiyo iliyoleta unga. Mwandishi Lidiya Ginzburg, aliyekuwa ndani ya mji huo, aliandika kwamba watu walikisoma kitabu hichohicho cha Tolstoy ili wajipime wao, si kumpima yeye.

Basi nani alishinda 1812? Kalamu inaniwasha, nimekwisha andika jina moja nikalifuta. Rudia kwanza, kitabuni, kile kikao cha majenerali wa Urusi kijijini Fili, pale mtoto Malasha anapochungulia kutoka juu ya jiko huku Kutuzov, mkuu wa jeshi lao, akiamua kuiacha Moscow, kisha uniandikie wewe.

Mama yako anakusalimu.

Baba yako